Walihama Kumi, Wakabaki Wawili

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Msikilizaji mwema, kuna mji mmoja mdogo huko Marekani, katika jimbo la Washington, uitwao Pullman. Umezungukwa na mashamba ya ngano, na kama usingekuwa na chuo kikuu, pengine wewe na mimi tusingelisikia jina lake kamwe. Lakini sisi wa umri wangu tulilisikia mapema. Mwaka 1978 kijana wetu Henry Rono, mwanafunzi wa chuo hicho cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Nakumbuka tulivyojazana kwenye redio ya jirani, kila mtu akimnyamazisha mwenzake. Rekodi mbili kati ya hizo aliziweka hukohuko, mwendo wa safari za kawaida za timu ya chuo: mita 5,000 mjini Berkeley, California, mwezi wa Aprili, na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji mjini Seattle, mwezi wa Mei.

Nakuomba uyashike majina hayo matatu, Pullman, Berkeley na Seattle. Wakati ule vyuo vikuu vya miji hiyo vilikuwa katika ligi moja. Leo kila kimoja kiko katika ligi yake, na habari ya kutengana kwao ni habari ya televisheni, siasa na mahakama.

Nimeianza habari hii kwa sababu ya barua. Mzazi mmoja ameniandikia kwamba binti yake amepata nafasi ya kusoma na kukimbia huko Marekani. Ameambiwa chuo hicho kimehama ligi, na kwamba huenda kikahama tena. Anauliza: chuo kinahamaje, na mwanangu yanamhusu nini?

Kwanza tuelewane. Kule Marekani michezo ya vyuo si kama hii yetu, ambapo wanafunzi hukimbizana Jumamosi jioni huku watazamaji ni mhadhiri mmoja na mlinzi wa lango. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000. Wanaokwenda hapo wanakwenda kutazama futiboli ya kwao, ile ya mpira wenye ncha mbili na wachezaji wenye kofia ngumu. Futiboli hiyo ndiyo ng'ombe anayekamwa. Riadha, kuogelea, voliboli na michezo mingi ya wanawake hunywa maziwa yake.

Vyuo hujiunga katika makundi, ambayo hapa nitayaita ligi. Ligi ina ofisi yake na bodi ya wakuu wa vyuo. Ndiyo inayouza haki za kutangaza mechi kwa makampuni ya televisheni, kisha fedha hugawanywa kwa wanachama. Kwa hiyo chuo kikihama ligi, hakijabadilisha wapinzani tu. Kimebadilisha mfuko kinamotia mkono.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Tangu miaka ya 1950 chama kikuu cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichoamua timu ipi ionekane kwenye televisheni na mara ngapi. Kilihofu kwamba watu wakitazama nyumbani hawatanunua tiketi. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani, na mwezi wa Juni 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, ikaamua kwamba mpango huo unavunja sheria za ushindani wa biashara. Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye ujanani mwake alikuwa nyota wa futiboli. Yeye aliona haifai kuipima michezo ya vyuo kwa mizani ileile ya biashara nyingine. Wenzake hawakumfuata.

Tangu siku hiyo kila mwenye jina kubwa akaanza kujiuliza kwa nini agawane na mdogo. Huko Texas kulikuwa na ligi ya zamani iliyoitwa Southwest. Mwaka 1994 vyuo vinne vikakubaliana kuondoka pamoja: Texas, Texas A&M, Texas Tech na Baylor. Ligi ikafa mwaka 1996, na vyuo vya Rice, Houston, SMU na TCU vikaachwa vijitafutie makao. Sasa zingatia jambo hili. Gavana wa Texas wakati huo, Ann Richards, alikuwa amesoma Baylor. Makamu wake, Bob Bullock, alikuwa amesoma Texas Tech na kisha sheria huko Baylor. Watu wa Texas mpaka leo wanabishana wakubwa hao walisukuma kiasi gani. Mwenye kuamini kwamba ilikuwa bahati tu, na aamini.

Turudi upande wa Pasifiki, kwenye ligi ya Rono. Ilianzishwa mwaka 1915, na katika miaka ya karibuni ilijulikana kama Pac-12. Tarehe 30 Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vikatangaza kuhamia Big Ten, ligi ambayo asili yake ni majimbo ya katikati ya Marekani. Agosti ya mwaka huohuo Big Ten ikatia saini na Fox, CBS na NBC mikataba ya miaka saba yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Nadhani huhitaji kuelezwa kwa nini watu wa Los Angeles walifunga virago.

Lakini UCLA ni chuo cha umma, tena ni ndugu wa chuo cha Berkeley. Vyote viko chini ya bodi moja ya jimbo la California. Gavana Gavin Newsom, ambaye kwa cheo chake ni mjumbe wa bodi hiyo, alitaka UCLA iwaeleze wananchi ilikuwaje. Desemba 2022 bodi ikairuhusu ihame, kwa sharti kwamba iilipe Berkeley kati ya dola milioni 2 na milioni 10 kwa mwaka. Ni kama yule mkubwa aliyepata kazi mjini, akaambiwa sawa, nenda, ila karo ya mdogo wako ni juu yako.

Waliobaki walihitaji mkataba mpya wa televisheni, kwani wa zamani ulikuwa unakwisha mwaka 2024. Mazungumzo yakaburutwa mwaka mzima. Julai 2023 Colorado ikachoka kungoja, ikaondoka. Hatimaye kampuni ya Apple ikaleta mpango ambao mapato yake yangetegemea watu wangapi watajiandikisha kutazama kwa malipo. Tarehe 4 Agosti 2023 asubuhi wakuu wa vyuo walitarajiwa kukubaliana. Jua lilipozama, Washington, kile chuo cha Seattle, kilikuwa kimekwenda Big Ten pamoja na Oregon, nao Arizona, Arizona State na Utah walikuwa wamekwenda ligi ya Big 12. Tarehe 1 Septemba, Stanford na Berkeley wakapokewa na ligi ya ACC, ambayo jina lake maana yake ni Pwani ya Atlantiki. Tazama ramani, msikilizaji: Berkeley iko karibu na bahari ile nyingine.

Tangu mwaka 2024 Big Ten, yaani Kumi Kubwa, ina wanachama 18. Wachezaji wa voliboli wa Los Angeles wanaweza kusafiri hadi New Jersey kucheza mechi ya ligi, karibu kilomita 4,000, kama kutoka Nairobi hadi Lagos, kisha warudi darasani. Timu ya futiboli haiumii sana, kwani hucheza mara moja kwa wiki, mara nyingi Jumamosi. Wanaoumia ni wale ambao televisheni haikuwafikiria ilipokuwa inahesabu fedha zake.

Wakabaki wawili: Washington State ya Pullman, na Oregon State ya mji wa Corvallis. Hawakuwa na kosa lolote. Miji yao ni midogo, na televisheni huhesabu nyumba.

Hapo ndipo mahakama ilipoingia. Ligi ilikuwa na akiba na mapato yaliyokuwa bado yanakuja, yakiwemo ya mashindano ya mpira wa kikapu ya miaka iliyopita. Vyuo kumi vilivyokuwa vinaondoka vilitaka kuendelea kukaa kwenye bodi. Kumi dhidi ya wawili, wangeweza hata kupiga kura ya kuivunja ligi na kugawana kilichomo. Septemba 2023 wale wawili wakafungua kesi katika mji mdogo wa Colfax, jirani na Pullman. Hoja yao ilitoka katika katiba ya ligi yenyewe: mwanachama akitoa taarifa ya kujitoa, hupoteza kiti chake kwenye bodi. Kumi wakajibu kwamba kifungu hicho kinamhusu tu anayeondoka kabla mkataba haujakwisha. Lakini walikuwa wamejifunga wenyewe, maana USC na UCLA zilipotoa taarifa mwaka 2022, wenzao waliziondoa kwenye bodi mara moja, na hakuna aliyesema kifungu kina maana nyingine.

Novemba 2023 Jaji Gary Libey akawapa wawili usukani, huku akiwaagiza wawatendee haki wenzao katika msimu uliosalia. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ikakataa kuingilia. Pande zote zikapatana, na waliohama wakaacha sehemu ya mgao wao.

Usidhani waliodhulumiwa wakageuka malaika. Walipoanza kuijenga upya ligi yao, walichukua vyuo vitano vya ligi jirani, Mountain West, vijiunge nao mwaka 2026. Septemba 2024 wakarudi mahakamani, safari hii wakibisha ada ya kama dola milioni 55 waliyodaiwa kwa kuwanyakua wanachama wa mwenzao.

Kwingineko nako hakukulala. Desemba 2023 chuo cha Florida State na ligi yake ya ACC vilishitakiana, ligi ikiwahi kwa siku moja huko North Carolina, chuo kikifuata huko Florida. Chuo kilidai kwamba kujitoa kungekigharimu zaidi ya dola milioni 500, kwa kuwa kilikuwa kimekabidhi ligi haki zake za matangazo kwa miaka mingi ijayo. Clemson nayo ikashitaki Machi 2024. Machi 2025 wakapatana: sasa timu yenye watazamaji wengi hupata mgao mkubwa zaidi.

Na wachezaji je? Kwa miaka yote hiyo malipo yao yalikuwa karo, chakula na malazi. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kama dola bilioni 2.8 kuwafidia wachezaji wa miaka ya nyuma, na kuviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji wao hadi kama dola milioni 20.5 kila chuo katika mwaka wa kwanza. Ni haki yao. Ila fedha hizo zinatoka katika kibuyu kilekile, na sehemu kubwa inakwenda kwa wachezaji wa futiboli na mpira wa kikapu.

Mwezi huohuo Washington State ilitangaza kufuta michezo ya kuruka na kurusha katika timu yake ya riadha, na kupunguza mbio fupi na za viunzi. Waliobakizwa hasa ni wakimbiaji wa mbio ndefu, wale wa njia ya Rono, ambaye alifariki Februari 2024.

Mzazi uliyeniandikia, binti yako ni wa mbio ndefu au za viunzi? Hukusema. Kabla hajapanda ndege, mwandikieni kocha na mtake jibu la maandishi: ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote minne? Chuo kikifuta mchezo wake, karo italipwa hadi amalize? Na kocha mwenyewe, mkataba wake unakwisha lini? Jibu likija, nipeleke nakala.