Bima ya Gari Kuukuu Iliyofanyiwa Marekebisho: Tuandike Thamani Gani?

SWALI:

Sisi tunaishi Pemba. Tuna Land Rover ya zamani ambayo ndugu yetu anaiendesha Morogoro, anashusha ndizi na viungo kutoka milimani. Injini yake ya asili tumeiondoa na kuweka ya dizeli ya Kijapani, na bodi tumeijenga upya. Tunataka kuikatia bima kubwa, lakini wakala anasema gari ya mwaka huo haina thamani. Je, tuandike thamani gani? Na bima yenyewe inajuzu?

JIBU:

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake.

Swali hili lina sehemu mbili: hukumu ya bima, na uaminifu katika kutaja thamani. Watu wengi huuliza ya kwanza na kuisahau ya pili, na hali ya pili ndiyo inayowatia hasara na dhambi kwa pamoja.

Kwa nini gari kuukuu huwa ghali

Aliyezoea barabara za lami za Unguja huenda akashangaa kuambiwa Land Rover iliyotengenezwa kabla ya yeye kuzaliwa inauzwa kwa mamilioni. Apande Uluguru ataelewa. Njia za kwenda Kinole, Tegetero, Bunduki na Nyandira zina miinuko mikali, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo wake huteleza kama sabuni. Huko juu ndiko zinakotoka ndizi, mboga za Mgeta, mdalasini, pilipili manga, na hata karafuu tunayoijua sisi watu wa visiwani. Mzigo huo unahitaji gari yenye nguvu ya magurudumu yote manne, chesesi ngumu, na spea ambazo fundi wa kawaida anazimudu.

Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Maana yake ni kwamba hata ile ya mwisho kabisa imeshapita miaka arubaini. Hata hivyo, iliyotunzwa haishuki bei kama gari ndogo ya mjini. Bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu upesi. Injini ikichoka huwekwa nyengine. Na kuagiza gari kuukuu kutoka nje kuna kodi ya uchakavu juu ya ushuru wa kawaida, kwa hivyo nzima iliyopo tayari nchini hupata wanunuzi. Zaidi ya hayo, wapo wanaozipenda kwa kuzipenda tu: Oktoba 2024 jijini Arusha zilikusanyika Land Rover kwa mamia katika tamasha lao.

Basi wakala anayetazama mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, akakata bei kwa kila mwaka uliopita, hajaitazama gari. Ameutazama mwaka tu.

Hukumu ya bima kwa ufupi

Bima si jambo lililokuwepo zama za Salaf. Miongoni mwa wanachuoni wa mwanzo kuizungumzia ni Ibn 'Aabidiin wa Dameski, aliyefariki mwaka 1836, alipoulizwa juu ya wafanyabiashara waliokuwa wakilipia dhamana ya shehena zao za baharini. Yeye hakuona uhalali wa kuchukua fidia hiyo. Desemba 1985 Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ilikutana Jeddah, ikaamua kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharar kubwa, yaani kutojulikana kwa kinachouzwa, na kwa sababu hiyo haijuzu. Badala yake ikaelekeza kwenye bima ya kusaidiana, ambapo washiriki huchangia mfuko kwa nia ya tabarru' na aliyepatwa na msiba hulipwa kutoka humo. Hiyo ndiyo inayoitwa takaful.

Kwa hivyo:

1. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, inalazimishwa na sheria kwa kila gari inayotembea barabarani. Asiyepata njia nyengine ana udhuru kuikata. Lakini bima hii humlipa uliyemdhuru. Haikulipi wewe gari yako.

2. Bima kubwa ni hiari ya mwenye gari. Muislamu aitafute kwenye takaful. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), inayosimamia Bara na Zanzibar, imeshatoa mwongozo wa takaful, na Shirika la Bima Zanzibar, lililoanzishwa 1969, lina huduma hiyo. Haitoshi kusoma jina tu. Ulizeni mfuko wa washiriki umetengwa vipi na fedha za mwendeshaji, na nani ni masheikh wanaousimamia.

Maneno ya kutazama katika mkataba

Sasa tuje kwenye thamani. Mkataba wa bima kubwa huwa na tarakimu ya thamani ya gari, na wengi hudhani hiyo ndiyo watakayolipwa gari ikiangamia. Mara nyingi sivyo. Kama mkataba unasema fidia ni kwa thamani ya soko, tarakimu hiyo ni kikomo cha juu tu. Gari ikiporomoka korongoni, mkadiriaji wa hasara atauliza: siku ile ya ajali, gari kama hii ingeuzwa kiasi gani? Kwa Toyota ya juzi jibu ni rahisi, kwani ziko nyingi sokoni. Kwa Land Rover ya 1982 yenye injini ya kubadilishwa hakuna ya kulinganisha nayo, na mkadiriaji anaweza kurudi kwenye mwaka wa kadi.

Njia ya pili ni thamani iliyokubaliwa. Pande zote mbili huikagua gari mwanzoni, hukubaliana kiasi, na kukiandika. Gari ikiangamia kabisa, hulipwa kiasi kile bila mabishano mapya. Kwa gari kuukuu iliyojengwa upya, tunaona njia hii ndiyo iliyo salama zaidi kwa mwenye gari, na ndiyo iliyo mbali zaidi na gharar, kwani kila mmoja anajua tangu mwanzo kinachodhaminiwa ni nini. Si kila mtoa huduma anaikubali, lakini asiyeiomba hapewi.

Kupunguza na kuzidisha

Wako wanaoandika thamani ndogo ili mchango uwe mdogo. Watazame hesabu hii. Tuseme gari ina thamani ya shilingi milioni 24, nanyi mmeandika milioni 12. Ikapata ajali ya matengenezo ya milioni 8. Mikataba mingi ina sharti kwamba aliyekata bima kwa nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara. Mtapata milioni 4, tena kabla ya kukatwa kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe. Milioni 4 nyengine mtazitafuta, na siku hizo gari iko gereji, haileti chochote nyumbani.

Na wako wanaozidisha, wakitumai faida gari ikifa. Katika mkataba wa thamani ya soko hawapati ziada yoyote. Wamelipa mchango mkubwa bure. Katika mkataba wa thamani iliyokubaliwa huenda wakapata, na hapo ndipo pagumu. Mfuko wa takaful ni mali ya washiriki: mjane wa Wete aliyechangia kwa kigari chake, mvuvi wa Nungwi aliyechangia kwa pikipiki yake. Kuchukua zaidi ya hasara yako ni kula mali yao kwa batili.

Suratul Mutwaffifiin imewaonya wanaopimiwa wakataka kikamilifu, na wanapowapimia wengine hupunguza. Mtu anayetaja gari kuwa ndogo siku ya kuchangia, kisha akaitaja kubwa siku ya kudai, aisome sura hiyo na ajitazame.

Kuficha marekebisho

Injini mpya, springi zilizoongezwa, bodi iliyorefushwa ili ibebe zaidi: yote haya lazima yatajwe kabla ya mkataba. Sheria za bima zinamtaka mwombaji aseme kila jambo lenye uzito hata kama hakuulizwa, na akificha, mkataba unaweza kubatilishwa. Sisi tuna sababu iliyo kubwa kuliko hiyo. Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta ndani limelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha ila yake. Bodi inayong'aa juu ya chesesi iliyoungwaungwa ni rundo lile lile.

Vilevile matumizi. Gari iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi, kisha ikawa inabeba mizigo ya watu au abiria wa kulipa siku ya gulio, ikianguka dai linaweza kukataliwa lote. Na juu ya gari ile hukaa watu, si ndizi peke yake.

Mambo ya kufanya

- Hakikisheni namba ya injini iliyomo ndani ya gari inalingana na ya kwenye kadi. Kama haijabadilishwa, anzeni na mamlaka ya mapato iliyosajili gari.
- Kusanyeni risiti za injini, giaboksi na kazi ya bodi. Fundi asiyetoa risiti aandike na kutia saini.
- Pigeni picha za gari pande zote, chini ya chesesi na kwenye injini, zenye tarehe.
- Tafuteni ripoti ya mthamini wa magari anayekubaliwa na mtoa huduma, si makadirio ya mdomo.
- Ombeni thamani iliyokubaliwa na orodha ya marekebisho viandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya wakala kwa simu haitoshi. Allah ametuamrisha kuandika deni; na hili nalo ni haki ya watu.
- Rudieni tathmini kila mwaka. Bei hupanda, na gari nayo huchoka.
- Hakikini stika kwenye mfumo wa TIRA, kwani stika za kughushi zipo.
- Mkizozana juu ya fidia, mpelekeeni shauri Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Hitimisho

Andikeni thamani ambayo mngeona ni haki kama mngekuwa nyinyi ndio mnaonunua gari hiyo leo, na wazi mbele yenu kila alichokifanya fundi. Isipungue kwa kukwepa mchango, wala isizidi kwa tamaa. Kumfunga ngamia ni katika kutawakali, lakini afungwe kwa kamba ya halali.

Wallahu a'lam.