Safari ya Wawili: Kutoka Vilima vya Pugu Hadi Pwani ya Kaole

Kusafiri ni katika mambo ambayo dini yetu imeyahimiza. Mwenyezi Mungu amewaamrisha waja Wake mara nyingi katika Kitabu Chake watembee katika ardhi, watazame na wazingatie. Walakini tukichunguza mwendo wa nyumba zetu, twaona ya kuwa mume na mke husafiri pamoja kwa mambo mawili tu, nayo ni arusi na msiba. Na hata huko hawawi pamoja, maana mume hukaa barazani na wanaume wenziwe, na mke huingia uani na wanawake wenziwe, wakaonana tena wakati wa kurudi. Safari ya kwenda kuitazama nchi, mtu na mwenziwe, wengi huidhani kuwa ni anasa ya watu wa mbali.

Dhana hiyo haina msingi. Imepokewa ya kwamba Mtume wetu (s.a.w.), alipokuwa safarini pamoja na Bibi Aisha (r.a.), aliwaambia masahaba watangulie mbele, kisha akashindana na mkewe kwa kukimbia, na Bibi Aisha akamshinda. Baadaye katika safari nyingine, Bibi Aisha alipokuwa amekwisha kunenepa, wakashindana tena, na mara hii Mtume akashinda. Akacheka, akamwambia kuwa ushindi huu ni badala ya ule wa kwanza. Ikiwa mbora wa viumbe alipata nafasi ya kucheza na mkewe njiani, sisi wenye shughuli ndogo kuliko zake tutatoa udhuru gani?

Sisi tunaoandika makala haya ni mume na mke, wakazi wa Dar es Salaam. Baada ya miaka mingi ya ndoa tuliazimia kutumia siku mbili kuiona nchi iliyo mgongoni mwa mji wetu, yaani Kisarawe na Kibaha, kisha tushuke mpaka baharini. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao. Tulichukua maji, tende, mkate wa kumimina na mkeka wa kuswalia, tukaondoka baada ya sala ya alfajiri.

Mtu akitoka Dar es Salaam kwa njia ya Gongo la Mboto, ardhi huanza kuinuka polepole mpaka afike Pugu. Vilima hivi si virefu, kwani kilele chake ni kiasi cha mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, lakini siku yenye mbingu safi mtu huuona mji chini yake na bahari nyuma ya mji. Hapa Pugu ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipofundisha mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili ashughulikie siasa. Na hapa ndipo Wajeremani walipopitisha Reli ya Kati, waliyoanza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Kuna pia mapango yaliyochimbwa na binadamu kwa ajili ya kutafuta kaolini, udongo mweupe unaotumika katika kutengeneza vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Siku hizi wenyeji wa mapango hayo ni popo, na jioni hutoka kwa makundi kama moshi.

Ajabu kubwa ya mahali hapa ni msitu wenyewe. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo zamani ilienea katika sehemu nyingi za ukanda wetu, kutoka Kenya hadi Msumbiji. Ndani yake mna viumbe wasiopatikana penginepo duniani ila katika misitu michache ya nchi yetu. Mmoja wao ni komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku ambaye uzito wake ni kama gramu 60. Wataalamu walimtangaza kuwa ni aina ya peke yake mwaka 1996 tu, na sasa yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Kuna na mti uitwao na wataalamu *Millettia puguensis*, uliopewa jina la Pugu. Fikirini, ndugu wasomaji, kwamba kiumbe asiyezidi uzito wa yai la kuku ameishi jirani yetu zama kwa zama, na sisi tukipita barabarani bila ya kumjua!

Tuliingia msituni kwa miguu tukiongozwa na mhifadhi. Ndani kulikuwa na baridi ya kupendeza, na harufu ya majani mabichi, na sauti za ndege tusiowaona. Mke alikuwa wa kwanza kuuliza swali ambalo mume hakulifikiria: maji ya mvua yanayonyesha juu ya vilima hivi huenda wapi? Mhifadhi akatueleza ya kuwa mito ya Msimbazi na Kizinga huanzia katika nyanda hizi za juu, kisha hupita Dar es Salaam na kuingia baharini. Miti huyazuia maji yasikimbie, ikayaingiza ardhini kidogo kidogo. Mlima ukivuliwa nguo, maji hushuka kwa pamoja. Tulikumbuka mafuriko ya Desemba 2011, Msimbazi ulipofurika na watu wengi wakapoteza maisha na nyumba zao. Mambo yaliyotupata sebuleni mwetu yana mizizi yake huku vilimani.

Kutoka mjini Kisarawe tulishika njia ya Masaki na Maneromango, ndani kabisa ya Uzaramo. Njia hupanda na kushuka katikati ya mikorosho, miembe na mashamba ya mihogo, na sehemu zake za udongo humtaka dereva awe na subira. Mume alikuwa kwenye usukani, na mke akimsomea njia. Tuligundua ya kwamba katika motokaa watu huzungumza kwa namna wasiyozungumza nyumbani. Hakuna anayebisha hodi, hakuna chungu kinachoungua, na wote wawili wanatazama mbele. Maneno yaliyokaa kifuani miaka mingi hupata njia ya kutokea bila ya ugomvi.

Tulipoipita Maneromango, tukielekea kaskazini upande wa Mzenga, tuliona magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara. Mume akapunguza mwendo, akasema, "Huku bei ni nafuu. Tuchukue gunia moja." Ni desturi ya watu wa mjini kwamba mtu asirudi kutoka shamba bila ya mkaa.

Mwenye magunia alikuwa mzee aliyevaa kofia ya kiua. "Shikamoo, mzee," tulisema. "Marahaba, wanangu. Karibuni." Mke akamwuliza, "Mzee wangu, mkaa huu ni wa mti gani?" Mzee akatabasamu. "Zamani ningekujibu kwa jina la mti, mwanangu. Siku hizi twachoma tunachokipata. Baba yangu alipanga tanuri lake mahali anapomsikia mwadhini wa kijijini. Mimi nikitoka alfajiri, nafika kwenye tanuri langu jua limekwisha kupanda."

Mke akasema, "Na ikiwa mwaona msitu unakwenda mbali, mbona hamwachi?" Mzee hakukasirika. Alisema, "Nyinyi mkiacha kuununua, nasi tutaacha kuuchoma. Nani atakesha na tanuri kwa ajili ya mkaa usiokuwa na mnunuzi?"

Jibu hilo lilitunyamazisha. Hatukununua gunia, tukanunua mihogo ya mzee na mafenesi mawili, tukaagana kwa salama. Garini mke alitoa kalamu akaanza kupiga hesabu. Tanuri la udongo la kienyeji, ambamo magogo hupangwa, yakafunikwa majani na udongo, kisha yakachomwa kwa siku kadhaa, hutoa mkaa wa kilo 10 mpaka 20 tu kwa kila kilo 100 za magogo. Basi gunia la kilo 50 limekula magogo ya kilo 250 mpaka 500. Nyumba yetu hutumia gunia moja kwa mwezi. Kwa mwaka ni tani 3 mpaka 6 za miti, na sisi ni nyumba moja tu. Mwaka 2009 ilikadiriwa ya kuwa karibu nusu ya mkaa wa nchi nzima ulikuwa ukitumika Dar es Salaam. Jiko dogo lililoko uani lina mkono mrefu sana.

Hapo tulibishana kidogo. Mume alisema mtungi wa gesi ni ghali. Mke akajibu ya kuwa yeye ndiye ashikaye fedha za jikoni, na mkaa wa kununua kwa kopo kila siku, ukijumlishwa mwisho wa mwezi, si rahisi kama unavyodhaniwa. Isitoshe, moshi na majivu havimpati anayekaa barazani. Mume alikiri kuwa hakupata kuyasikia maneno hayo. Mke akasema, "Hukupata kuniuliza." Tulicheka sote wawili. Kabla ya kufika Mlandizi tulikuwa tumekwisha kukata shauri: mapishi ya kila siku kwa gesi, maharage yalowekwe usiku kucha ili yaive upesi, na mkaa ubaki kwa wageni wengi tu.

Tuliivuka reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na mbele yake Reli ya Kati pamoja na reli mpya ya umeme, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Mlandizi tulipumzika, tukaswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama msafiri alivyoruhusiwa. Kisha tukaenda kulala Kibaha.

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Umaarufu wake ulianza na kituo cha elimu kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, kikakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Shabaha yake ilikuwa kupigana na ujinga, maradhi na umaskini, na mpaka leo Shirika la Elimu Kibaha linasomesha vijana wetu. Lakini lililotuvutia zaidi ni habari ya Msitu wa Ruvu Kaskazini, ulio upande huu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilianza kuwapa wanavijiji sehemu za msitu uliokwisha kuharibika wapande miti ya kuni na mkaa. Mti wa namna hiyo hukatwa na kupandwa tena, kama muhindi shambani. Basi yule mzee wa barabarani anaweza kupata riziki yake bila ya kuufuata msitu mpaka uishe.

Siku ya pili tulikwenda kuutazama Mto Ruvu. Mto huu hutoka milima ya Uluguru, na maji yake ndiyo yanayofika mabombani mwetu. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini, karibu na Bagamoyo, ukafuata mwaka 1976. Baada ya kupanuliwa, uwezo wao kwa pamoja umefika lita milioni 466 kwa siku. Lakini mtambo hauumbi maji. Oktoba 2022 mto ulipopungua kwa ukame, mji mzima uliingia katika mgao, na wengi wetu twakumbuka ndoo zilivyopangwa kwa foleni.

Kutoka Mlandizi kuna njia ya kiasi cha kilomita 36 iendayo Makofia, na kutoka hapo mtu hufika Bagamoyo. Tulikwenda moja kwa moja hadi Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe, ambao asili yake ni karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu. Watu hawa walikuwa Waislamu wenye biashara ya ng'ambo. Bandari yao ilijaa mchanga na mikoko, jahazi zikashindwa kuingia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Nyuma ya mikoko tuliona bahari inang'aa. Tukaketi mkekani, tukala mafenesi ya Kisarawe.

Kwa wasomaji watakaopenda kuifuata njia hii, twawashauri waende kati ya Juni na Septemba, maana wakati wa masika njia za udongo hazipitiki kwa gari dogo. Waombe ruhusa na walipe ada ya kuingia msituni, wachukue mhifadhi wa kuwaongoza, na wasiache taka. Na vijana wajue ya kuwa serikali, katika mkakati wake wa mwaka 2024 hadi 2034, inakusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Shabaha hiyo haitafikiwa kwa tangazo. Itafikiwa nyumba kwa nyumba, pale mume na mke watakapokaa wakapiga hesabu ya jiko lao.

Nyumba ya mjini imekaa juu ya mafiga matatu: maji ya Ruvu, kuni za Uzaramo na chakula cha mashamba. Asiyeyaona mafiga haya hawezi kuyatunza. Basi wanandoa na watoke, wayaone kwa macho yao, na wayazungumze wakiwa njiani. Mwenyezi Mungu awajaalie safari za heri na marejeo ya salama. Amin.