Tulivyopoteza sauti ya mzee tukiwa na nakala, na tunavyozitunza rekodi sasa

Mama mmoja alipanda basi hadi studioni kwetu akiwa na flashi mkobani. Baba yake, aliyewahi kuzungumza katika kipindi chetu kuhusu mifereji ya zamani ya kumwagilia mashamba, alikuwa amefariki, na familia ilitaka sauti yake isikike siku ya arobaini. Tulitafuta asubuhi nzima. Haikuwepo.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba tulikuwa na nakala. Au ndivyo tulivyoamini.

Wasikilizaji wengi mmetuuliza tunatunzaje vipindi, na kama mtu aliyeko kijijini anaweza kutunza picha za familia au rekodi za kikundi chake kwa njia hiyo hiyo. Anaweza. Tunaeleza hapa, pamoja na pale tulipoteleza.

Vipindi vyetu vinakaa kwenye kompyuta mpakato iliyokuwa imetupwa stoo, kioo kimepasuka pembeni. Fundi wetu aliiwekea Linux. Huu ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza programu nyingine zote ndani ya kompyuta. Kiini chake kilianza kuandikwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, na yeyote anaruhusiwa kukitumia na kukibadili bila kununua leseni. Usidhani ni kitu cha mbali: kama simu yako ni ya Android, inatembea juu ya kiini hicho hicho.

Toleo alilochagua fundi linaitwa Debian, lililoanza mwaka 1993. Aliliweka bila madirisha wala picha, skrini nyeusi yenye maandishi meupe tu, na kwa hali hiyo hata RAM ya GB 2 inatosha. Kompyuta inayokaa imewashwa ili kuhudumia nyingine huitwa seva. Watu husikia neno hilo wakawaza chumba chenye viyoyozi. Yetu inakaa juu ya kabati la faili.

Mpakato una faida moja kubwa kwa sisi tunaokatikiwa umeme: una betri yake. Umeme ukienda, kazi inaendelea kwa muda. Na haili umeme sana, mara nyingi wati 10 hadi 30 ikiwa haina kazi nzito. Lakini kagua betri kwanza. Ikiwa imevimba, itolewe na isitumike tena, kwani inaweza kuwaka moto. Jambo jingine, kompyuta hizi hulala ukifunga mfuniko, mpaka uibadilishie mpangilio. Wiki ya kwanza, mwenzetu wa usafi alikuwa akiufunga kila jioni kwa nia njema kabisa, nasi tukishangaa kwa nini hakuna kilichonakiliwa.

Kila siku saa nane usiku, programu iitwayo rsync hulinganisha folda za studio na za seva, kisha hubeba kilichobadilika tu. Hilo si jambo dogo. Dakika moja ya sauti isiyobanwa, yenye ubora wa CD, ni kama MB 10, hivyo kipindi cha nusu saa ni kama MB 300. Ikibanwa kuwa MP3 ya kawaida hushuka hadi MB 30 hivi. Anayeiamsha rsync ni programu nyingine, cron, ambayo kazi yake ni kutazama saa na kutekeleza yaliyoandikwa kwenye orodha yake.

Sasa kosa letu. Tuliiambia rsync ifananishe folda hizo mbili kabisa: kilichofutwa studioni, kifutwe na kwenye seva. Siku moja diski ya studio ilijaa kabla ya matangazo ya mpira, na mmoja wetu akafuta folda ya zamani ili kupata nafasi, akijua nakala ipo. Saa nane usiku seva ilitii. Hakuna aliyegundua mpaka yule mama alipofika. Tulikuwa tumetengeneza kioo, na kioo hakibaki na sura ya aliyeondoka.

Siku hizi seva inaweka folda yenye tarehe kwa kila usiku, na faili ambalo halijabadilika halichukui nafasi mara ya pili. Ukifuta leo, la jana lipo. Diski ya nje hunakiliwa kila wiki na kulala nyumbani kwa mwenzetu, maana moto na wezi hawachagui kompyuta. Na kila mwezi tunachagua rekodi moja ya zamani bila kupanga, tunaifungua kutoka kwenye nakala na kuisikiliza yote. Mara ya pili tu tulipofanya hivyo, tulikuta faili lisilocheza.

Wewe mwenye simu tu, anza kwa waya wa USB na kompyuta yoyote unayoiamini, kisha weka nakala nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti. Memori kadi iliyo ndani ya simu ile ile haihesabiki, kwa sababu simu ikiibwa inakwenda nayo. Usitegemee kundi la WhatsApp pia. Picha zikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Na uyape mafaili majina yanayoanza na mwaka, mfano 2024-03-17-mkutano-wa-mfereji. Yatajipanga yenyewe kwa tarehe.

Yule mama hakuondoka mikono mitupu kabisa. Baadaye jirani yake alipatikana na kipande cha dakika nne alichokirekodi kwa simu kutoka redioni, jogoo akiwika katikati. Kipo kwenye seva sasa, na kwenye flashi yake. Nawe kama uliwahi kurekodi kipindi chetu chochote cha wazee, kwa simu au kwa kaseti, kilete studioni siku yoyote ya kazi. Tutakinakili ukisubiri, na chako utarudi nacho.