Sonona ya uzazi na uhusiano wa mama na mtoto

Sonona ya uzazi ni ugonjwa wa akili unaompata mwanamke wakati wa ujauzito au katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Kwa wiki mbili au zaidi mama hukosa furaha na nguvu, hukosa usingizi hata mtoto anapolala, hujilaumu na hukata tamaa. Anaweza kumnyonyesha na kumwogesha mwanawe kila siku bila kuhisi chochote, au kumwona kama mtoto wa mtu mwingine. Hali hiyo si dalili ya ubaya wa moyo wala ya kurogwa. Ni ugonjwa, na unatibika.

Sonona ni tofauti na huzuni ya siku za mwanzo, ambayo huwapata wazazi wengi na kwisha yenyewe ndani ya wiki mbili.

Jinsi uhusiano unavyojengwa

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alichunguza watoto wachanga na mama zao katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda, miaka ya 1954 na 1955. Kitabu chake kuhusu uchunguzi huo kilitolewa mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto hujenga imani kwa mlezi anayetambua ishara zake na kuzijibu: analia, anabebwa, anatabasamu, anatabasamiwa.

Sonona hupunguza majibu hayo. Mtoto asiyejibiwa hulia sana au huwa mkimya kupita kiasi. Mama naye hudhani kwamba mtoto hamtaki, akazidi kujitenga. Hivyo kila mmoja humvunja moyo mwenzake bila kukusudia. Hata hivyo uhusiano haujengwi kwa siku moja, wala hauharibiki kwa siku moja. Unaweza kuanza kurekebishwa hata miezi kadhaa baada ya kujifungua.

Hali katika Dar es Salaam

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Sylvia Kaaya na wenzake uliwahusu wajawazito 787 wa Dar es Salaam. Karibu 40 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za sonona. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliowahi kuugua sonona, wasioridhika na uwezo wao wa kupata mahitaji ya lazima, na wenye migogoro na wenzi wao.

Mambo hayo yanafahamika katika mitaa yenye watu wengi kama Buguruni, kata ya Ilala iliyopo penye makutano ya barabara za Uhuru na Mandela. Familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha kupanga, na kipato hutegemea biashara ndogondogo za kila siku. Kwa desturi mzazi hutunzwa na ndugu zake wa kike kwa siku arobaini. Lakini mama ambaye ndugu zake wako mkoani anaweza kuanza kupika na kufua peke yake baada ya siku chache.

Kumtambua mama mwenye shida

Mama wengi hawasemi, kwa kuogopa kuonekana hawapendi watoto wao. Nafasi nzuri ya kuwauliza ni kliniki, kwa kuwa watoto hupelekwa kuchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mhudumu anayepima uzito wa mtoto anaweza pia kumuuliza mama, faraghani, analalaje, anakula vipi na anajisikiaje anapokuwa na mtoto. Lipo pia dodoso la Edinburgh la mwaka 1987 lenye maswali 10, linalotumika katika nchi nyingi.

Namna ya kusaidia

Msaada una kazi mbili: kutibu sonona na kujenga uhusiano. Moja haitoshi bila nyingine.

Kwa kazi ya kwanza, utafiti wa Pakistani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa ushauri waliweza kuleta nafuu kubwa. Mtoto alipofikisha miezi 6, mama 23 kati ya 100 waliosaidiwa walikuwa bado na sonona, dhidi ya 53 kati ya 100 katika kundi jingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo mwaka 2015. Zipo pia dawa ambazo daktari anaweza kumpa mama anayenyonyesha. Mama asiache dawa wala kunyonyesha bila ushauri.

Kwa kazi ya pili, huko Khayelitsha, Afrika Kusini, wanawake wa mtaani waliopewa mafunzo waliwatembelea mama nyumbani mara 16. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha mama hao wakiwajibu watoto wao vizuri zaidi, na watoto wengi zaidi wakiwa na imani kwao walipofikisha miezi 18. Mgeni hakumfundisha mama kana kwamba hajui, bali alimwonyesha jambo ambalo mtoto tayari analifanya: "Tazama, amegeuka aliposikia sauti yako."

Familia inaweza kufanya vivyo hivyo wakati wa kunyonyesha, kuogesha, kukanda na kubembeleza. Mara nyingi ndugu humchukua mtoto moja kwa moja ili mama apumzike. Kupumzika ni lazima, lakini mama akinyang'anywa malezi yote huzidi kuamini kwamba hafai. Ni afadhali jirani achote maji, baba afue na shangazi apike, kisha mama abaki na mtoto kwa muda mfupi anaoumudu, mtu mwingine akiwa karibu.

Dalili za hatari

Mama anayesema anataka kufa au kumdhuru mtoto, anayesikia sauti zisizokuwepo au aliyechanganyikiwa ghafla asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Hospitali za rufaa za mkoa jijini ni Amana, Temeke na Mwananyamala.