Saa ya Kila Siku, Saa ya Mtoko: Ipi Ikae Mkononi Mwako?

Mwezi huu naomba tuzungumzie kitu kidogo ambacho kimeshanuniana watu chumbani: saa ya mkononi ya bei mbaya. Simu kila mtu anayo, na simu inaonesha saa sawasawa. Kwa hiyo anayevaa saa siku hizi anavaa kwa sababu zake: kupendeza, heshima, kumbukumbu ya mtu, na wengine, tusidanganyane, kujionesha. Hakuna dhambi hapo. Swali ni moja tu: saa unayoitamani ni ya kila siku au ya siku maalumu? Ukikosea kujibu hilo, utatoa mamilioni kwa kitu kitakacholala kabatini.

Saa ya kuhangaika nayo

Mimi ni mkazi wa Soga, Pwani, kule Kibaha inakopakana na Kisarawe. Huku kwetu saa inapata mtihani wa kweli. Asubuhi bodaboda na vumbi jekundu, mchana joto na jasho, masika matope na mvua. Saa inayovumilia safari ya kutoka Soga mpaka ofisini Posta na kurudi, hiyo ndiyo ya kila siku.

Ina sifa zake. Kwanza mkanda wa chuma kisichoshika kutu, au wa mpira. Ngozi ni nzuri, lakini jasho la Pwani linaioza na inaanza kunuka. Pili kioo cha yakuti ya kutengenezwa kiwandani, ambacho hakichubuki ovyo. Tatu, uwezo wa kuhimili maji, na hapa wengi wanaingizwa mjini. Saa iliyoandikwa mita 30 haina maana kwamba uzame nayo mita 30! Hiyo ni ya kunawa mikono na manyunyu tu. Kama unaogelea, anzia mita 100.

Ndiyo maana saa zilizotengenezwa kwa wapiga mbizi zimeishia mikononi mwa watu wa ofisini. Rolex Submariner ilitoka 1953 ikiwa na uwezo wa mita 100, na leo inafika 300. Ukitaka ya kistaarabu zaidi kutoka nyumba hiyohiyo, ipo Datejust ya tangu 1945, inayoonesha tarehe kwenye kidirisha. Na kama mfuko hauruhusu, Tissot na Seiko wana saa za chuma zinazofanya kazi hiyohiyo kwa bei ya chini sana.

Nne, iwe inasomeka haraka. Sisi Waswahili tuna hesabu yetu: ratiba ya treni ikiandika 13:00, tunasema saa saba mchana. Ukitaka njia ya mkato, tazama namba iliyo ng'ambo ya mshale mfupi. Mshale ukiwa kwenye 1, ng'ambo yake ni 7. Saa isiyo na alama za kueleweka itakuchelewesha stesheni.

Saa ya kutokea

Sasa njoo kwenye harusi, send-off, au chakula cha jioni cha kampuni. Hapa saa inatakiwa iwe nyembamba, iingie chini ya mkono wa shati bila kutuna. Mkanda wa ngozi nyeusi au kahawia, ufanane na viatu. Uso usio na makorokoro. Mfano wa siku zote ni Cartier Tank, ile ya pembe nne iliyobuniwa 1917, inayowakaa wanaume na wanawake vilevile. Mwingine ni Calatrava ya Patek Philippe, ya mwaka 1932, lakini hiyo bei yake ukiisikia utakaa chini.

Angalia pia inavyoendeshwa. Saa ya otomatiki inajijaza kwa mwendo wa mkono. Ukiiweka kabatini, nyingi zinasimama baada ya siku mbili tatu, na siku ya harusi utaanza kuihangaikia huku gari linapiga honi nje. Kwa mtoko wa mara chache, saa ya betri au ya kujaza kwa mkono inatosha. Ila betri ikiisha itolewe mapema, maana ikivuja inaharibu mashine ya ndani.

Saa au kiwanja?

Wachumba fulani ninaowafahamu walikuwa wanatafuta kiwanja Soga. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na sisi tukiwa na stesheni yetu, wengi wanapatazama huku kwa jicho jipya. Hela walikuwa wanachanga pamoja. Bwana harusi mtarajiwa akaja na wazo: siku ya ndoa avae Submariner mpya. Bei yake dukani inazidi dola 9,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 20.

Binti hakupiga kelele. Alimuuliza tu, "Hiyo saa tutalala ndani yake?"

Jamaa akaniletea mashtaka, akitegemea nitamtetea kwa kuwa naandika mambo ya mitindo. Nilimwambia: kaka, mwenzio hakatai upendeze. Anauliza kama neno mlilopeana bado lipo. Alinyamaza, akaenda. Wiki mbili baadaye walilipia kiwanja, na yeye akanunua saa ya kawaida ya chuma yenye mikanda miwili: wa chuma wa kazini, na wa ngozi wa harusini. Ukitaka kujua, alipendeza sana.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii: hela ya saa itoke kwenye fungu lako, isitoke kwenye fungu lenu. Kama ni la wote wawili, mkae mjadili kabla ya dukani, sio baada ya risiti.

Ukiamua kununua

Anza na ya kila siku, kwa sababu ndiyo utakayoivaa. Ya mtoko ifuate baadaye.

Uliza matengenezo. Saa ya mashine inahitaji kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya miaka 5 hadi 10, kutegemea kampuni, na fundi wa saa hizo hafanyi kwa bei ya chai.

Dai karatasi, na linganisha namba iliyo kwenye saa na iliyo kwenye karatasi. Saa ya jina kubwa inayouzwa kwa elfu hamsini, mpenzi, unajua mwenyewe ni nini.

Na kama ni zawadi kwa umpendaye, usitoe feki ukasema ni halisi. Siku fundi atakapoifungua, itakayoonekana feki sio saa peke yake. Bora saa ndogo ya kweli, na nyuma yake mchonge tarehe mliyofunga ndoa. Hiyo ataivaa kazini, ataivaa harusini, na mtoto wenu ataigombania.