Gari lililolala: Anza na breki, rangi itasubiri

PITA katika mitaa ya Ngagara, Nyakabiga au Kinindo hapa Bujumbura, chungulia nyuma ya mageti, hutakosa kuliona: Corolla ya miaka ya 1990 imeegeshwa chini ya mwembe, matairi yamekwisha upepo, majani makavu yamejaa juu ya kioo na kuku wamejifanyia kiota chini ya injini. Mwenyewe alihama, au alifariki, au alichoka kupanga foleni ya mafuta. Siku moja jirani anasikia kwamba linauzwa kwa bei ya kutupa, na usiku huo hapati usingizi.

Kwa mwalimu, muuguzi au mchuuzi wa soko la Ruvumera, gari la namna hiyo mara nyingi ndilo pekee lililo karibu na mfuko wake. Gari linaloagizwa Japani, hadi lishuke bandari ya Dar es Salaam na kuvuka mpaka wa Kobero, limekwisha kubeba nauli ya meli, gharama za bandari na ushuru. Nyingi ya gharama hizo hudai fedha za kigeni, ambazo kwa miaka ya karibuni zimekuwa adimu nchini mwetu.

Hata hivyo, rahisi ghali. Wapo wanaomaliza akiba yote siku ya kununua, wakabaki na chuma uani mwao badala ya uani mwa mwenzao. Wapo pia wanaolifufua gari kwa mpangilio mbaya: rangi mpya, redio mpya, breki zilezile za zamani. Hao ndio wa kuogopwa, kwani siku moja watashuka mteremko wa Bugarama wakiwa na watoto ndani.

Makala haya yanaeleza namna mtu wa kipato kidogo anavyoweza kununua gari lililolala na kulirudisha barabarani bila kupoteza fedha zake wala roho yake.

Karatasi kabla ya boneti

Usifungue boneti kabla ya kuona karatasi. Kadi ya gari, ile tunayoiita karte roze, iwe na jina la anayeuza. Ikiwa mwenyewe amekwisha fariki, mwenye haki ya kuuza si mtoto mmoja anayekaa kwenye nyumba ile, bali warithi wote kwa makubaliano ya maandishi. Jambo hili likipuuzwa, shangazi mmoja atajitokeza baada ya injini kufufuka, si kabla.

Kisha linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Katika Corolla nyingi za miaka hiyo utaikuta kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Ikiwa imekwanguliwa au imechomelewa upya, aga na uende zako.

Mtego mwingine ni magari yaliyokuwa ya miradi na mashirika ya kigeni. Mengi huingia nchini kwa msamaha wa kodi. Yakiuzwa kwa mtu binafsi, ushuru uliosamehewa hudaiwa. Kwa hiyo nenda kwanza ofisi ya mapato, OBR, ukahakikishe hakuna deni linalolala pamoja na gari.

Gawa fedha kabla ya kupatana bei

Tuchukue mfano wa darasani. Tuseme uwezo wako wote ni sehemu 100. Usinunue gari kwa zaidi ya sehemu 50. Sehemu 35 ziwe za matengenezo, na 15 zilizobaki ziwe za kubadilisha kadi, bima, ukaguzi wa gari na lile tatizo moja ambalo hakuna aliyeliona. Muuzaji akikataa kushuka hadi hapo, gari hilo si lako, hata kama ni zuri kiasi gani.

Mwalimu mwenzangu mmoja alifuata njia hiyo alipotaka Corolla iliyokuwa imelala miaka mitatu. Fedha zake zilikuwa mkopo wa ushirika, unaokatwa kwenye mshahara kwa miezi 24. Fundi wa kwanza alitazama tu, akasema injini imekufa, itafutwe nyingine. Mwalimu hakubishana. Aliomba ruhusa kwa muuzaji, akamlipa fundi wa pili kazi ya saa chache ya kupima mgandamizo wa kila silinda.

Kipimo hicho kinastahili kujulikana na kila mnunuzi. Plagi zote hutolewa, kipimo hufungwa kwenye tundu la plagi, na injini huzungushwa kwa stata yenye betri nzuri huku pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Kwa injini ndogo za Corolla za wakati huo, silinda nzima hutoa bar 10 hadi 13, na silinda zote nne zisitofautiane sana. Moja ikiwa chini, fundi hutia mafuta kidogo ya injini ndani yake na kupima tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi.

Silinda zote nne za gari la mwalimu huyo zilikuwa sawa. Kilichokufa kilikuwa pampu ya mafuta, na chujio lilikuwa limeziba kwa uchafu wa tangi. Gharama yake ilikuwa ndogo mno kuliko ya injini nyingine, na matokeo ya kipimo yalimsaidia kujua anapatana bei ya kitu gani.

Namna ya kuliamsha

Kosa kubwa ni kuleta betri ya kuazima na kuwasha papo hapo. Petroli iliyokaa zaidi ya mwaka huharibika na kuacha utando kama gundi. Ukiisukuma hadi kwenye injini, utaziba kila kilicho njiani. Mwaga mafuta yote ya zamani, fungua tangi likaoshwe, badilisha chujio.

Ukijaza mafuta mapya, jihadhari na yanayouzwa kwenye bidoni na chupa. Tangu uhaba wa mafuta ulipozidi nchini kuanzia mwaka 2021, biashara hiyo ya pembeni imeshamiri, na si kila bidoni lina petroli tupu. Yatie kidogo kwenye chupa nyeupe na uyaache yatulie. Maji yakiwamo, yatakaa chini na utayaona.

Baada ya hapo badilisha mafuta ya injini na chujio lake. Toa plagi, dondoshea mafuta kidogo ya injini katika kila silinda, acha hadi kesho yake, kisha zungusha injini kwa mkono ukitumia spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka bila kukwama, umepata nusu ya gari. Ikigoma, usilazimishe kwa stata.

Kabla ya kuwasha, tazama nyaya, kwani panya hupenda kuzitafuna. Badilisha pia mkanda wa taiming ikiwa hakuna anayejua ulifungwa lini. Kwa injini hizo hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama.

Gari likiwaka, soma moshi. Wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia ndani, na ukifungua kifuniko cha mafuta ukakuta ute kama uji wa maziwa, gasketi ya hedi iko mashakani.

Neno moja kuhusu rejeta. Mafundi wengi wa huku kwenye joto hung'oa thamostati, wakidai hufanya injini ichemke. Thamostati mbovu ndiyo huchemsha. Nzima huisaidia injini kufikia joto lake la kazi mapema, na injini iliyo baridi daima hula mafuta zaidi. Kwa mtu aliyepanga foleni kutwa nzima kupata lita chache, hiyo si hasara ndogo.

Mteremko wa Bugarama

Sasa tufike kwenye breki. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika kimo cha mita 770 na ushei. Bugarama, umbali wa takriban kilomita 35 kwa barabara ya Muramvya, iko juu ya mita 2,000. Yaani kila anayerudi kutoka Ngozi, Kayanza au Gitega kwa njia hiyo hushuka zaidi ya mita 1,000 kwa mwendo wa chini ya saa moja, katikati ya malori mazito na vijana wa baiskeli waliobeba ndizi na makaa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za joto. Yakishanyonya maji hushuka hadi karibu nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto kuliko hapo, mafuta yakachemka, mvuke ukajaa kwenye bomba, na pedali ikazama hadi chini bila gari kusimama. Gari linaweza kuwa lilifunga breki vizuri sana asubuhi mjini, na bado likafanya hivyo jioni mlimani.

Kwa sababu hiyo, katika gari lililolala, mafuta yote ya breki yamwagwe na kubadilishwa. Mipira ya silinda za breki ibadilishwe, mabomba ya mpira yapindwe na kukaguliwa nyufa, pedi na viatu vya nyuma vitazamwe. Na dereva ashuke kwa gia ya pili au ya tatu, injini ikisaidia kushika gari, asikae juu ya pedali njia nzima.

Matairi nayo yana umri wake. Ubavuni kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ikiwa ni 2314, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo, hata likiwa na meno yote, halifai kwa safari.

Zipo pia taa. Magari yetu mengi yana usukani kulia, ilhali sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Taa za magari hayo zilipangwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, hivyo mwanga wake hupanda upande wa dereva anayekuja mbele. Mwambie fundi azishushe, na ukiwa nyuma ya lori usilipite mpaka uwe umeona mbele kwa macho yako mwenyewe.

Buyenzi, na majina ya spea

Kwa spea na mafundi, njia zote zinaelekea Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji huu, ambako barabara nzima huweza kugeuka gereji. Bei ni ya kupatana, na lugha ni Kiswahili, lakini Kiswahili chenye Kifaransa ndani. Sisi tuliosoma Tanzania wakati wa ukimbizi tulirudi na plagi, klachi, rejeta na shokapu. Buyenzi tukakuta buji, ambreyaji, radiateri na amortisa. Ukiomba kwa jina usilolijua vizuri unaweza kuuziwa kitu kingine, na kilichofunguliwa kwenye pakiti si rahisi kurudishwa. Dawa ni moja: nenda na spea ya zamani mkononi.

Nunua spea mwenyewe, fundi alipwe ufundi tu. Kila kilichotolewa kwenye gari urudishiwe, hata kama ni takataka, upate kuona kwamba kweli kimebadilishwa. Lipa kwa hatua, kazi moja ikikamilika ndipo nyingine ianze. Na ukae hapo kwenye kibao, usiende nyumbani. Fundi mzuri hakasiriki kutazamwa. Wengi wao hufurahi kukueleza wanachofanya, na somo hilo litakufaa siku gari litakapokuzimikia njiani usiku.

Cha kuacha

Rangi, ringi za kung'aa, vitambaa vya viti na redio visubiri mwaka wa pili. Isipokuwa kutu: ikiwa imekula sakafu, chesisi au mahali shokapu zinaposhika, hiyo si sura tena bali ni mifupa. Gari lenye mifupa iliyooza usilinunue, kwani kuchomelea kwake hakuna mwisho.

Corolla ya yule mwalimu ina milango ya kijani na boneti nyeupe, na wanafunzi wake wamekwisha kuipa jina la utani. Mapema mwaka huu ilimpeleka mama yake Muramvya na kumrudisha mjini jioni, mvua ikinyesha. Mkopo bado una miezi tisa. Anasema akimaliza kuulipa ndipo atafikiria rangi, na hata hapo ataanza kwa kubadilisha tena mafuta ya breki, kwa kuwa miaka miwili itakuwa imetimia.