Matofaa ya Nchi za Baridi Kali

Tofaa nitakalolitaja hapa si lile tofaa la pwani, jekundu lenye maji mengi, ambalo watoto wa Mombasa na Unguja hulijua sana. Ni lile tunda gumu la mviringo, ambalo katika nchi zetu humea tu penye milima yenye ubaridi, kama Lushoto na Njombe. Mti wake hupenda baridi, hata ukikosa majira ya baridi hauchanui vema. Basi mtu angedhani kwamba mti upendao baridi hauwezi kuuawa na baridi. Walakini huuawa, na watu wametaabika miaka mingi kwa sababu hiyo.

Katikati ya Amerika ya Kaskazini, mbali na bahari, zipo nchi tambarare ambako baridi hufika digrii 40 chini ya sifuri. (Apendaye hesabu na ajue kwamba hapo vipimo vya Selsiasi na Farenhaiti hukutana: 40 chini ya sifuri katika hiki ni 40 chini ya sifuri katika kile.) Maziwa huganda hata magari ya mizigo hupita juu yake. Maji yaliyomo ndani ya mti nayo huganda. Mti uliozaliwa katika nchi za namna hiyo hujiweka tayari mapema: siku zinapoanza kufupika huacha kukua, huongeza sukari katika matawi yake, na maji hutoka katika vile vijumba vidogo sana vilivyoufanya mwili wake, ili barafu ijifanye nje ya vijumba, isivipasue. Mti mgeni haujui desturi hii. Huendelea kutoa majani mabichi, na baridi huukuta kama msafiri aliyelala njiani bila blanketi.

Mwaka 1853 mtu aitwaye Peter Gideon alihamia Minnesota, katika Marekani, akakaa kando ya ziwa Minnetonka. Alipanda matofaa mengi sana, na kila majira ya baridi yalikufa, hata baada ya miaka kama tisa ukabaki mti mmoja tu, nao ulikuwa wa namna ya Siberia. Yasemekana alikuwa amebakiwa na dola 8, wala hana koti. Fedha ile aliipeleka mji wa Bangor, mbali sana upande wa mashariki, kununua mbegu na vijiti vya kuunga, naye akavaa nguo zilizoungwa-ungwa kwa vitambaa vikuukuu. Mbegu moja ilimpa mti uliovumilia na kuzaa matunda mazuri. Akauita Wealthy, kwa jina la mkewe, ingawa sidhani kama mama yule alifurahi siku ya kutoa zile dola 8.

Lakini kaskazini zaidi, katika Kanada, baridi ni kali kuliko ya Minnesota. Huko wakulima walikuwa na ngano tele, lakini tunda la kuwapa watoto wao hapana. Mwaka 1886 serikali ya Kanada ilimweka William Saunders awe mkuu wa mashamba ya majaribio. Kazi yake ya kwanza maishani ilikuwa kuuza dawa, tena alikuwa mtu wa kupima kila kitu kwa uangalifu. Mwaka 1887 aliagiza mbegu za tofaa-mwitu la Siberia kutoka bustani ya mimea ya Saint Petersburg, katika Urusi. Miche yake ilipandwa Brandon na Indian Head, katika nchi ile tambarare. Matofaa ya kawaida yalikuwa yakifa huko mwaka kwa mwaka. Yale ya Siberia hayakudhurika hata ncha za matawi.

Shida ilikuwa tunda lenyewe. Tofaa la Siberia ni dogo kama buni, nalo ni kali mdomoni. Basi mwaka 1894 Saunders alianza kuoza miti hiyo na matofaa makubwa. Kazi yenyewe ni hivi. Ua la mti wa kike hufunguliwa kabla halijachanua, na vile vijiti vyenye unga wa manjano hung'olewa vyote, ili ua lisijizalishe lenyewe. Kisha unga wa mti wa kiume hupakwa kwa brashi ndogo, na ua hufungwa katika mfuko, nyuki wasije wakaleta unga mwingine. Mbegu zikiisha kukomaa hukaa miezi kadhaa penye baridi na unyevu, maana bila hivyo haziamki. Ndipo hupandwa, na mpandaji hungoja miaka mitano, sita, au zaidi aone tunda la kwanza.

Saunders alipoona matunda yake, yalikuwa makubwa kuliko ya mama lakini madogo kuliko ya baba, na miti ilivumilia baridi vizuri. Akaoza tena miti iliyokuwa bora na matofaa makubwa. Sasa matunda yalizidi ukubwa, ila miti ilipungua nguvu. Sababu yake si ngumu: mtoto wa kwanza ana nusu ya damu ya Siberia, na mjukuu ana robo tu. Ukivuta upande wa utamu, unapoteza upande wa uvumilivu. Dawa yake ni kupanda miche mingi mno, kuiacha wazi bila kuisitiri, na kuchagua ile michache ambayo kwa bahati imerithi pande zote mbili. Wapo waliopanda maelfu wakabakiwa na miwili mitatu.

Mti mwema ukipatikana, mbegu zake hazifai kuuendeleza, kwa sababu kila mbegu ni mtoto mwingine mwenye tabia yake. Hukatwa kijiti cha mti ule kikaungwa juu ya shina la mche mwingine, na hivyo mti mmoja huwa maelfu.

Huko South Dakota Niels Hansen, mzaliwa wa Denmark, alifanya kazi kama hiyo. Mbegu za tofaa lake liitwalo Dolgo zilitoka Urusi mwaka 1897, na mti wenyewe ulitolewa kwa wakulima mwaka 1917, yaani miaka 20 baadaye. Matunda yake mekundu ni madogo, makali kidogo, nayo hupikwa jamu nzuri. Siku hizi, katika nchi za baridi kali, mbegu za Dolgo hupandwa pia kwa ajili ya mizizi: mche ukikua hukatwa, na juu yake huungwa tofaa kubwa tamu, hata mlaji asijue kwamba chini ya udongo amesimama mtoto wa Siberia.